Lori Lisilobeba Mtu

Vijana wa gereji, siku ya kuniaga mlinipa kalamu. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mbuzi, maana niliwasikia mkichangishana nyuma ya stoo. Kumbe mbuzi alikuwa wenu na kalamu ndiyo yangu. Mkasema, mzee Makokha, tuandikie kazi ilivyokuwa zamani. Haya basi, mmejitakia wenyewe. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu navyo havikunigusa sana. Nitaandika habari za kazi, na hasa za lori moja tulilolitengeneza miaka ya sitini, ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka, halafu naacha kucheka.

Kwa wale walioajiriwa juzi, ambao wanashika nyundo kama wanambeba mtoto wa wenyewe, nieleze kwanza fundi wa bodi ni nani. Lori likitoka kiwandani huja na injini, magurudumu na chumba cha dereva. Nyuma ni fremu tupu. Kazi yetu ilikuwa kulivika. Wengine walivika malori ya kubeba pamba na mahindi, sisi tulivika malori ya kazi, yale yanayokwenda kufufua greda lililokufa njiani au pampu ya maji iliyogoma. Bodi ya lori kama hilo ni makabati ya bati kila upande, kila kabati na mlango wake na kazi yake. Fundi akifika porini asianze kufukua kama kuku jalalani, afungue tu na kuchukua anachotaka. Siku hizi mnaletewa bodi zimekwisha kutengenezwa, mnakaza bolti mbili tatu kisha mnaitisha chai.

Niliingia kwa Mzee Hamisi bendera ya mkoloni ikiwa bado juu. Gereji yake ilikuwa Busia, karibu na mpaka kiasi kwamba ukirusha nati kwa hasira unaiokota Uganda. Babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudan, bibi yake alitoka kwetu Marachi, na yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu wa Busia mjini, mtu wa kutukana kwa lugha tano na kusali kwa moja. Siku ya kwanza nilikwenda na shati lililopigwa pasi. Hakulitazama shati wala hakunitazama mimi. Alinipa msumeno na ubao wa mvule akasema nikate mahali alipochora.

Mvule wa kwetu, kama hamjui, ni mbao nzuri kuliko zote kwa fremu ya bodi, hauliwi na mchwa wala hauozi. Lakini baadhi ya miti huficha mawe ndani, mawe kweli. Nilikata toka asubuhi, jasho chapachapa, mpaka msumeno ukabaki kibogoyo. Mzee Hamisi akaupapasa kwa kidole, akaniambia leo nimekata msumeno kwa ubao, kesho nijaribu kinyume chake. Kisha akanifundisha kugonga ubao kwa nyundo na kusikiliza kabla ya kukata, maana penye jiwe sauti hubadilika. Mpaka nastaafu sijakata mvule bila kuugonga kwanza.

Alinifundisha mengine ambayo ninyi mnayafanya bila kujua yalitoka wapi. Bawaba za mlango wa kabati ziwe upande wa mbele ya gari, ili mlango ukifunguka safarini upepo uufunge badala ya kuung'oa. Vizito vikae chini na karibu na dereva. Kila kabati litobolewe tundu sakafuni, maana maji yataingia tu, shida ni kama yatatoka. Kingo za milango zivalishwe mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, vumbi la barabara ya Malaba lisile vyombo. Na kila bolti nati mbili, kwa sababu barabara zetu zilikuwa zinafungua nati moja kabla hujafika Chakol. Mzee Hamisi hakusifu kazi ya mtu hata siku moja. Ukifanya vizuri alikuomba uondoke njiani apite.

Uhuru ukaja. Mzungu aliyekuwa mkaguzi wa malori ya barabara akafungasha, akaondoka na mbwa wake. Kiti alikiacha, fimbo aliiacha, na hasira pia akaiacha, na Mwafrika mwenzetu akavirithi vyote bila kupoteza hata kimoja. Jina lake silitaji, ana wajukuu. Tulimwita Bwana Mkaguzi, na ukisahau hilo Bwana ulikumbushwa.

Ugomvi wake ulikuwa na abiria. Tusimwonee, sababu alikuwa nayo. Lori la kazi lilikuwa likitoka Busia na spana kamili, likifika Malaba lina kuku, mafungu ya ndizi, bibi harusi na wajomba zake wawili. Likirudi, spana hazipo. Ungeziona baadaye zimefungwa kwenye plau za watu, au zimening'inizwa shuleni zikigongwa kama kengele. Basi siku moja Bwana Mkaguzi alikuja gerejini akasimama katikati ya ua, akamwambia Mzee Hamisi anataka lori lisiloweza kubeba mtu. Hata mtu akitaka, hata dereva akitaka, hata yeye mwenyewe akitaka, lishindwe.

Kazi nikapewa mimi, na niliifanya kwa roho yote. Makabati nikayazungusha pande zote mpaka hapakubaki pa kuweka kisigino. Juu nikaliezeka bati la mteremko mkali huku na huku, kama paa la kanisa. Chumba cha dereva kilikuwa na viti viwili, cha dereva na cha fundi wake, basi. Lilipokwisha, Bwana Mkaguzi akaamuru mtu mmoja apande juu ajaribu kukaa. Mtu huyo nikawa mimi. Niliteleza nikatua ndani ya pipa la oili chafu, na yule bwana akapiga makofi, akasema kazi imekubaliwa.

Watu wa Chakol walioliona likipita bila kuchukua hata mwanamke mwenye mzigo kichwani, walilipa jina siku hiyohiyo. Wakaliita Mnyimi. Jina likashika kuliko rangi niliyolipaka.

Dereva wa Mnyimi alikuwa Etyang, Mteso wa palepale Chakol, mrefu, mpole, mwenye kuendesha kana kwamba amebeba mayai ya jirani. Mimi ndiye nilikuwa fundi wake wa safari. Tulielewana kwa sababu yeye hakupenda kusema na mimi sikupenda kunyamaza. Wakati huo alikuwa amemwoa Amoit, binti wa mjane mmoja ambaye boma lake liko kando ya barabara, mbele kidogo ya Chakol ukitoka Busia. Kila tulipolipita boma hilo Etyang alitazama upande wa pili mpaka shingo ikalia. Mama Amoit naye, akisikia Mnyimi anakuja, aliingia ndani.

Desturi hiyo mnaijua, ingawa siku hizi mnapiga picha na mama wakwe zenu mmekumbatiana kama wachezaji wa mpira. Kwa Wateso, na kwetu Marachi vilevile, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawagusani, hawali pamoja, hawaingii nyumba moja. Ukimwona njiani unamwachia njia. Mimi niliwahi kuingia shamba la mihogo na baiskeli yangu mpya, nikachutama humo mpaka mama mkwe wangu amalize kumsalimu kila apitaye, na yule mama kwa salamu hakuwa na mpinzani. Msidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, tena nzito kiasi kwamba mtu angeweza kufa nayo. Mwaka huo, mvua za masika zilipoanza, nusura mtu afe nayo kweli.

Tulikuwa chini ya greda lililovunjika karibu na Chakol, matope mpaka masikioni. Mtu akaja mbio akipiga kelele kwamba Mama Amoit amekatwa na plau. Ng'ombe walikuwa wameshtuka, wakaikokota plau ovyo, yeye akang'ang'ania mipini ya plau asiwaachie, ikapinduka, na ule ulimi wa chuma ukamfungua shavu la mguu. Damu ilikuwa haikamatiki. Barabara ilikuwa imeoza kwa mvua na hakuna gari jingine lililopita tangu alfajiri. Kulikuwa na Mnyimi peke yake.

Spana ilimdondoka Etyang mkononi. Sikuwahi kumwona akikimbia, siku hiyo alikimbia. Tulifika bomani kwa mwendo ambao sikujua lori lile lilikuwa nao. Lakini alipozima injini, desturi ikamshika shati. Akashuka, akavuka barabara, akasimama ameupa mgongo mji wa wakwe zake, ameelekea mihogo.

Majirani walimtoa mama juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa mwanamke wa mwili, mjane aliyelima mwenyewe kwa ng'ombe wake, na sasa uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Mguu walikuwa wameufunga leso tatu na zote zimelowa. Nikang'oa ule mpira wa kuzuia vumbi kwenye mlango wa kabati, nikamkaza nao juu ya goti mpaka akanitukana. Nilifurahi kusikia tusi, maana maiti haitukani. Damu ikapungua lakini haikukoma. Hospitali ilikuwa upande wa Busia, na kwa matope yale si safari ya kupiga mluzi.

Tukamsogeza mlangoni pa dereva. Hapo ndipo alipoinua kichwa, akamwona yule mrefu aliyesimama ng'ambo amewapa watu mgongo. Hakuhitaji kuona uso. Akajifunika leso kichwani.

"Nirudisheni nyumbani," akasema. "Siwezi kuingia humo na mkwe wangu."

Nikamwambia atakufa. Akasema kufa anakujua, mumewe alikufa, baba yake alikufa, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekwenda na aibu. Etyang, akizungumza na mihogo, akaniomba nimwambie mama kwamba yuko tayari kuendesha akiwa ametoa kichwa chote nje ya dirisha. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lilibidi lipitie kwangu. Mama akaniambia nimwambie mtu huyo asante, ila atagonga mti.

Nikasema nitatundika turubai katikati ya viti. Hapo akajitokeza ndugu ya marehemu mume wake, mzee mwenye koti zito na maneno mazito zaidi, akaomba tusikilizane. Akalizunguka lori taratibu, damu ikidondoka, akatoa hukumu. Chumba cha dereva kina paa, kina milango, na huko mbele kuna moto unawaka. Kwa hiyo ni nyumba. Na kitambaa kikitundikwa ndani ya nyumba, nyumba haiwi mbili. Majirani wakaguna kukubali. Mimi nilitamani kumpiga spana ya kichwa, na ubaya ni kwamba moyoni nilijua ana haki, mama yangu mzazi angesema vilevile.

Wala msiniulize kwa nini mwingine hakuendesha. Hapakuwa na mwingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejaribu mara moja gerejini, na Mzee Hamisi akajenga ukuta upya. Na juu ya bodi hapakaliki, hilo nililihakikisha kwa mikono yangu na makofi nikapigiwa. Watu wakasimama wakilitazama lori zima, refu, jipya, lenye nafasi ya kila kitu isipokuwa mtu mmoja anayekufa. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama dakika ile.

Mama Amoit ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amelala kitandani uso wake ukielekea ubavu wa lori, akafunua jicho moja.

"Hiyo milango ya kando ni ya nini?" akaniuliza.

Nikasema ni makabati. Hili la springi na jeki, lile la mabomba na mipini ya koleo.

"Kila mlango na chumba chake? Hakuna njia ya ndani kwa ndani kwenda kwa dereva?"

Nikasema hakuna, nimeziba kwa bati.

"Basi hii si nyumba," akasema, na sasa alikuwa akimwambia shemeji yake. "Hili ni boma. Yeye ana nyumba yake na mimi yangu. Niwekeni."

Yule mzee akaondoka ubavuni mwa lori kutupisha. Hukumu yake ilikuwa imekatiwa rufaa na mgonjwa. Nikaruka kwenye kabati la mabomba, lile refu la chini, lililo nyuma tu ya dereva. Lilikuwa na rafu katikati, na rafu imefungwa kwa bolti, na kila bolti ina nati mbili. Nilimlaani fundi mpumbavu aliyezikaza vile, mpaka vidole vikachubuka. Tukatupa mabomba na koleo nje, tukatandika mablanketi, tukamwingiza mama kichwa kwanza. Aliingia barabara. Shemeji yake akaachwa alinde mabomba ya serikali kando ya barabara, kazi iliyomfaa kuliko uhakimu.

Etyang akarudi kwenye usukani kinyumenyume, asije akaona hata kidole. Mimi nikasimama kwenye ubao wa kukanyagia, mkono mmoja nimeshika dirisha, mwingine nimeushika mlango wa kabati ubaki wazi kidogo mama apate hewa. Tukaondoka hivyo. Matope yalinipiga usoni njia nzima, na kila tulipotumbukia shimoni nilisikia mama akigonga bati, na kila alipogonga nilishukuru.

Kabla ya Busia, nani amesimamisha gari lake katikati ya njia? Bwana Mkaguzi. Alikuwa na tabia ya kuvizia malori na kufungua kabati moja baada ya jingine ahesabu vyombo. Akatusimamisha kwa fimbo. Nikamwambia tuna mgonjwa. Akasema lori hili halibebi watu, yeye mwenyewe alishuhudia. Nikamwambia hatukumbeba, tumemhifadhi. Akaniona nina kichwa kibovu, akanisukuma kando, akafungua mlango kwa nguvu.

Akakutana na mguu umefungwa mpira wa tyubu, na mwenye mguu huo, mwanamke, amelala amejifunika leso.

"Funga mlango, bwana," sauti ikatoka humo ndani. "Mkwe wangu yuko hapo mbele."

Bwana Mkaguzi naye alikuwa na mama mkwe, kwao huko. Alifunga ule mlango kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyekosea chumba. Kisha akarudi kwenye gari lake mbio, akatutangulia mpaka hospitalini akipiga honi, akifukuza baiskeli na mbuzi. Hilo nampa, ni haki yake. Baadaye katika mikutano alieleza kwamba makabati yale aliyaagiza makubwa kusudi, kwa ajili ya wagonjwa, na watu wakampigia makofi. Hilo la pili simpi.

Daktari aliutazama mguu akasema utashonwa na utapona, lakini damu iliyobaki mwilini haitoshi kumfikisha jioni. Apewe ya mtu mwingine, sasa hivi. Tulikuwa watu watatu pale barazani. Bwana Mkaguzi akakumbuka mkutano Malaba. Mimi nilitoa kidole, wakanipima, damu yangu ikakataliwa. Nilisikitika sana, na masikitiko yangu nikayatoa nje upesi kabla hawajabadili mawazo. Akabaki Etyang. Yake ikakubali.

Akatoka kunitafuta. Nilimkuta uso umemlowa jasho, mtu ambaye hata greda halikuwa likimtoa jasho.

"Makokha," akaniambia, "hii nayo si kosa?"

Nikafikiri. Wazee walikuwa wameikataza nyumba, wamekataza sahani, mkono na jicho. Damu hawakuitaja, kwa sababu nani angeota kitu kama hicho? Nilimwambia sijui. Nikamwambia pia kwamba ndani ya kabati alikuwa anagonga bati kwa nguvu mwanzoni, na kwamba tulipokaribia hapa alikuwa anagonga kidogo sana. Etyang akakunja mkono wa shati.

"Asiambiwe tu," akasema, akarudi ndani. Walimtoa damu chumba kingine, chupa ikapita koridoni mikononi mwa muuguzi, na desturi haikuguswa hata unywele. Nilikaa kwenye benchi nikaisubiri jioni. Jioni ikafika, na Mama Amoit akafika nayo.

Alikaa wodini hadi pamba ikaanza kuota. Amoit alikuwa akienda kumwona, akituletea salamu, na Etyang akizipokea ameinamisha kichwa. Siku ya kuruhusiwa tukatumwa Malaba na Mnyimi, nikamwambia Etyang tutampitia mama wakati wa kwenda. Safari hii nilijiandaa. Niliweka godoro kwenye kabati la mabomba, nikatoboa matundu ya hewa, nikapaka bawaba grisi. Kama ningekuwa na pazia ningetundika. Niliona nimetengeneza kitu cha heshima.

Mama akatoka akiegemea fimbo, amevaa gauni lake la kanisani. Nikamfungulia kabati kwa madaha kama mwenye hoteli. Akalitazama, akasema vizuri sana, fundi. Kisha akalipita. Akaenda mpaka mbele, akafungua mlango wa chumba cha dereva, akaanza kupanda na ule mguu wake.

Etyang alikuwa tayari nusu nje kwa mlango wa pili.

"Keti," mama akamwambia. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu amwozeshe binti yake.

"Mama, siwezi," Etyang akasema, macho kwenye usukani.

"Damu yako inatembea ndani yangu, mwanangu. Sasa nikukimbie niende wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kati yetu. Lakini wodi ya wanawake haina siri, na muuguzi mmoja alikuwa amemsifia mkwe wake mbele ya vitanda vyote. Etyang akaketi. Akaushika usukani kwa mikono miwili, mabega yakaanza kumtikisika, na yule mama akatazama mbele, akimpa nafasi ya kulia kama mwanamume anavyopewa. Mimi pia nililia, nimesimama kwenye vumbi na kopo la grisi mkononi, na sioni haya kuliandika. Ninyi mnaocheka hapo nyuma, subirini muwe na wakwe.

Sasa, viti vilikuwa viwili na vyote vina watu. Juu hapakaliki. Nikatazama huku, nikatazama kule, halafu nikaingia mwenyewe ndani ya kabati na kulala juu ya godoro langu.

Bati la kabati lile linagusana na mgongo wa kiti cha dereva, kila neno linapita. Mwanzo walinyamaza kama maji ya mtungini. Nikawa nimeridhika, nikaanza hata kusinzia. Tulipoacha mji nyuma nikasikia sauti ya mama, ya upole kabisa, ikiuliza kama ni lazima kukimbia hivi. Etyang akasema, hapana mama, akapunguza. Baadaye kidogo mama akauliza mbona injini inalia, haiwezi kupewa gia nyingine? Akaonyesha shimo. Akaonyesha kuku. Akasema apige honi, na alipopiga akasema watu hawapigiwi honi namna hiyo, ni madharau. Akauliza Amoit mbona amekonda, anakula nini huko kwake? Akauliza ile nyumba itaezekwa lini, na kwa nini choo kimechimbwa upande wa upepo? Etyang akajibu ndiyo mama, hapana mama, nitafanya mama, na lori likazidi kwenda polepole mpaka wanaotembea kwa miguu wakatupita wakinisalimu kwa matundu ya hewa.

Hakunyamaza hadi Chakol. Na mimi, nimelala gizani na mpini wa koleo ubavuni, ndipo nilipoelewa kwamba wazee wetu walioiweka ile desturi hawakuwa wajinga hata kidogo.